Upande Mmoja Ulichanua, Upande Mwingine Ukagoma: Kisa cha Asta katika Bustani Moja ya Columbus

Simu ililia Jumapili mchana, watu wametoka misa. "Ndugu," akasema mama mmoja ninayemsaidia bustani yake, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, kule Kongo, "hii maua yako inakataa. Ile ya karibu na mlango inafunguka muzuri, ile ya karibu na barabara iko majani tu."

Ilikuwa mwanzo wa Oktoba 2022. Maua yalikuwa yangu kwa sababu mimi ndiye niliyemletea miche mwezi Mei, na mimi ndiye niliyemwapia kwamba ikifika tarehe 29 Septemba atakuwa na ukanda mzima wa zambarau mbele ya nyumba yake. Tarehe hiyo aliitaja yeye. Ni sikukuu ya Malaika Mikaeli, somo wa marehemu mumewe, na kila mwaka siku hiyo anapenda kuweka maua mbele ya picha yake, maua aliyoyakata mwenyewe na si ya kununua. Shida ni kwamba hapa Columbus, jimbo la Ohio, mwisho wa Septemba bustani nyingi zimeshachoka. Waridi zimebaki na vijiti, alizeti zimeinamisha vichwa, na watu wanapanga maboga barazani. Asta ni katika mimea michache ya kudumu inayosubiri wakati huo ndipo ianze.

Waingereza huziita asta hizi kwa jina la sikukuu hiyohiyo ya Mikaeli, kwa kuwa kwao nako huchanua siku hizo. Mama aliposikia hivyo aliona ni ishara. Mimi niliona ni kalenda.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nilikosea mara mbili kabla ya kupata jibu, na jibu lenyewe nilikuwa nimelibeba kichwani tangu nilipokuwa nikifanya kazi Naivasha.

Ukanda wenyewe na yaliyotangulia

Ukanda una urefu wa mita 7 na upana wa mita moja na nusu hivi. Unaanzia barazani na kuishia kwenye njia ya waenda kwa miguu, kando ya barabara. Jua linaupiga mchana kutwa. Udongo ni wa mfinyanzi: ukilowa unang'ang'ania jembe, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kidole.

Kabla sijafika, mama alikuwa amejaribu mwenyewe. Septemba 2021 alinunua dukani vyungu sita vya asta zilizochanua tayari, mviringo kama mipira, akazipanda Oktoba. Machi iliyofuata tano zilikuwa zimekufa. Niliziona: donge la mizizi lilikuwa limechomoza juu ya udongo, bado lina umbo la chungu, unaling'oa kwa vidole viwili. Yeye alidhani ni baridi. Baridi ilikuwepo, lakini haikuua peke yake. Mmea uliouzwa ukiwa umechanua umeshamaliza nguvu zake za mwaka juu kwenye maua, na mizizi inaachiwa wiki chache tu kushika kabla ardhi haijaganda. Udongo wa mfinyanzi ukiganda usiku na kuyeyuka mchana unavimba na kunywea, unavimba na kunywea, na kila mara unamsukuma juu kidogo yule ambaye hajashika. Akishatoka nje, upepo unamalizia.

Asta moja iliyonusurika ilitufundisha jambo jingine. Msimu uliofuata, ile iliyokuwa mpira wa kimo cha goti ilifika kiunoni. Asta nyingi za vyungu ni chotara, na ufupi wao mara nyingi ni wa dawa ya kuzuia urefu waliyopewa kitaluni. Dawa ikiisha, mmea unarudi kwenye kimo cha ukoo wake.

Badala ya hizo za vyungu, mimi nilimletea asta za asili ya huku, zile zinazoota zenyewe kandokando ya mitaro na kwenye mbuga zenye unyevu za Ohio. Jina lao la kitaalamu ni Symphyotrichum novae-angliae. Ulimi ukikataa, sema asta ya New England. Vitabu vya zamani vinaziita Aster novae-angliae. Zilihamishwa jina baada ya mwanabotania Guy Nesom, mwaka 1994, kuzitenga asta za Marekani na zile za Ulaya na Asia. Kwa mtu wa jembe habari hiyo ina faida moja tu: unapotafuta mbegu, tafuta kwa majina yote mawili.

Nilimpa miche tisa, na hapa ndipo kisa kinaposhikilia. Yote tisa ilikuwa vipande vya shina moja kubwa la uani kwangu, nililolichimbua na kulikata kwa sepeto. Kwa hiyo haikuwa ndugu na ndugu, ilikuwa mmea mmoja katika sehemu tisa. Tuliipanda kwa mstari, sentimita 75 kati ya mmoja na mwingine. Nitaihesabu kuanzia barazani: wa 1 uko mlangoni, wa 9 uko barabarani.

Tulichokiona mwaka 2022

Miche ya 1 hadi 4 ilifungua maua yake kati ya tarehe 17 na 22 Septemba. Wa 5, wa katikati, ulifungua nusu. Wa 6 hadi wa 9 ilibaki na matumba madogo ya kijani, yamefumba kama ngumi za mtoto mchanga, hadi wiki ya tatu ya Oktoba ilipokuja baridi kali. Sisemi ile sakitu nyepesi ya asubuhi, ambayo asta huivumilia. Usiku huo maji ya kwenye ndoo yaliganda, na matumba yakageuka kahawia bila kufunguka.

Kulikuwa na malalamiko mengine, na kwa muda yalinipotosha kwa sababu niliyaweka yote kwenye kapu moja. Mimea yote ilikuwa mirefu mno, zaidi ya sentimita 140, na mvua ya kwanza ya Septemba iliilaza juu ya njia. Majani ya chini yalikauka yakaacha shina tupu kama miguu ya korongo. Katikati ya ukanda majani yalipakwa ukungu mweupe, utadhani mtu amemwaga unga wa ugali.

Hayo matatu hayakuhitaji mpelelezi. Mama alikuwa ameujaza ukanda mboji na alikuwa akimwagilia kila jioni, kwa upendo. "Niko naitilia maji kila siku," aliniambia kwa fahari, na mimi sikuwa na moyo wa kumkatiza. Asta ya New England kwenye udongo ulionona, bila kukatwa, huenda juu hadi shina lishindwe kuubeba uzito wa maua. Shina tupu chini ni tabia yake tu, hata porini iko hivyo, ila porini nyasi zinaificha. Ukungu nao huja palipo na msongamano na hewa isiyopita. Watu wengi huutupia lawama maji yaliyolowesha jani, ilhali ukungu wa aina hii hauhitaji jani lililolowa. Unapenda hewa nzito, na mmea uliobanana au ulioshikwa na kiu mizizini.

Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoeleza kwa nini mmea ule ule, katika udongo ule ule, uchanue mlangoni na kugoma barabarani.

Makosa yangu mawili

La kwanza nililifanya Agosti. Nilipita pale nikaona miche ya mlangoni imeanza kuonyesha matumba na ya barabarani haina kitu. Nikasema ina njaa. Nikamwambia aongeze mboji upande ule. Akaongeza. Kwa mmea uliokwisha kukosa sababu ya kuchanua, chakula cha ziada kiliongeza majani. Sasa nikikumbuka majani yenyewe nacheka: upande wa barabara ulikuwa wa kijani kilichokolea kuliko wa mlangoni. Mwenye njaa hanenepi hivyo.

La pili lilikuwa Oktoba, baada ya ile simu. Safari hii nilikuja na nadharia yenye heshima zaidi: chumvi. Wakati wa theluji barabara za huku humwagiwa chumvi, na theluji ya kusukumwa pembeni hulundikwa palepale mwisho wa ukanda. Ilikuwa nadharia nzuri, ila ushahidi uliikataa. Chumvi ikizidi, ncha na kingo za majani huungua. Majani ya wa 9 yalikuwa mazima kabisa. Isitoshe wa 6, ulio mbali na lile lundo, ulikuwa umegoma sawasawa na wa 9.

Nilimfikiria sungura pia. Sungura wa mwituni wa huku hula vichwa vya asta mwezi Mei, na kichwa kilichokatwa huchelewa. Lakini sungura wa nyumba ile wanaishi chini ya baraza. Waliotafunwa walikuwa wa 1 na wa 2, na ndio waliotangulia kuchanua.

Kivuli? Hakuna mti upande ule wa kuzuia jua. Uko mti mmoja tu wa mepo, ng'ambo ya njia, na huo ndio ulionifumbua macho.

Usiku wa Novemba

Nilikwenda kumpelekea mama unga wa muhogo aliokuwa ameniagiza, nikachelewa kufika, giza limeshaingia. Mepo ile ilikuwa imepukutisha majani yote, isipokuwa tawi moja. Tawi hilo lilikuwa bado na majani ya kijani na manjano, limekaa kama kofia iliyosahauliwa. Kando yake, kiasi cha mita moja, ilikuwa taa ya barabarani, ile ya rangi ya chungwa.

Nilisimama na mfuko wangu wa unga. Kisha nikageuka kuutazama ukanda wa asta: nusu ya chini, ile ya barabarani, ilimulikwa na taa hata mimea ikatupa kivuli kilichokatika vizuri juu ya udongo. Nusu ya juu, kwa kuwa mama huzima taa ya baraza akiogopa bili, ilikuwa gizani.

Naivasha nilifanya kazi miaka minne kwenye shamba la maua, idara ya maua ya kiangazi: asta, solidago na jamaa zao. Kwetu kule, karibu kabisa na mstari wa ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima, ukipungua ni kwa dakika tu. Asta ikiachwa hivyo hufikiri ni wakati wa kuchanua ikiwa bado fupi, na shina fupi haliuziki. Kwa hiyo mashamba hutundika taa juu ya matuta na kuziwasha saa kadhaa usiku. Mmea unadanganyika kwamba siku bado ni ndefu, unaendelea kurefuka. Shina likifika kimo kinachotakiwa, taa zinazimwa, giza linarudi, na matumba yanatoka. Nakumbuka safari moja fyuzi ya upande mmoja wa grinihausi iliungua na hakuna aliyegundua kwa siku kadhaa. Matuta yale yalitoa maua yakiwa na kimo cha paja. Supavaiza alitutazama kana kwamba tumemwibia.

Kazi hiyo niliifanya kwa mikono yangu, kuwasha na kuzima. Halafu nikaja Ohio, nikaona asta chini ya taa inayowaka usiku kucha, nikapendekeza mboji.

Ufafanuzi wake ni huu, kwa ufupi. Asta hupima urefu wa usiku. Kwenye majani kuna kemikali inayoitikia mwanga, hasa mwekundu, na usiku mrefu usiokatizwa ndio unaoipa mmea ruhusa ya kutengeneza matumba. Columbus iko nyuzi 40 kaskazini. Mwezi Juni mchana hufika saa 15, kisha unapungua hadi saa 12 kuelekea mwisho wa Septemba. Mmea unaiona tofauti hiyo hata kama sisi bado tunatembea na fulana. Jambo hili lilijulikana tangu mwaka 1920, Garner na Allard, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walipochapisha majaribio yao ya tumbaku na soya. Walikuwa wakiihamishia mimea kwenye kibanda cha giza kabla jua halijatua, na ile iliyokuwa imegoma ikachanua.

Mama aliponisikiliza aliuliza swali ambalo sikulitarajia: "Na mwezi je? Mwezi ikijaa, si iko mwangaza pia?" Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa. Mwezi mpevu angani hautoi hata nusu ya luksi moja, luksi ikiwa ni kipimo cha mwanga. Simu yangu, ambayo si kifaa cha maabara, ilisoma luksi 13 kwenye mche wa 9, na chini ya 2 kwenye mche wa 1. Taa za shamba ni kali kuliko hiyo ya mtaani, lakini za shamba huwaka saa chache. Hii huwaka tangu magharibi hadi alfajiri. Ndiyo maana haikuizuia asta moja kwa moja. Iliichelewesha, na kwa Ohio kuchelewa wiki tatu ni kukutana na baridi.

Tukafungua picha za Oktoba kwenye simu ya mama. Mche wa 5, ule wa nusu. Upande wake uliofunguka ulikuwa unatazama nyumba. Upande wa matumba ulikuwa unatazama taa. Kichaka chenyewe kilikuwa kinene, kimejikinga kwa mwili wake.

Jaribio la mapipa

Picha moja na tawi la mepo havitoshi kumhukumu mtu, seuze taa. Mwaka 2023 tulijaribu.

Wiki ya kwanza ya Juni tulikata mimea yote nusu kwa mkasi wa kupogolea. Mama alifumba macho, kweli kabisa, akaniachia mimi. Hili lilikuwa la kutibu ule urefu: shina lililokatwa mapema hutoa matawi mengi, mafupi, yanayosimama bila fimbo. Mwisho wa kukata ni mwanzoni mwa Julai. Ukivuka hapo unakata maua ya Oktoba. Pia tukaacha mboji kabisa, na maji yakawa mara moja kwa wiki, tena ya kutosha, wakati wa ukame tu.

Kisha mapipa. Kuanzia tarehe 1 Agosti hadi tarehe 10 Septemba, kila siku saa tatu usiku mama alifunika mche wa 7 na wa 9 kwa mapipa meusi ya plastiki, na kuyaondoa saa moja asubuhi. Wa 6 na wa 8 iliachwa wazi, imekaa katikati ya wenzao ili udongo na jua visiwe kisingizio. Alisahau usiku tatu. Majirani walimuuliza anaficha nini. Alijibu kwamba maua yake yanapenda kulala gizani, na sidhani kama ningeweza kulieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Mche wa 1 hadi wa 4 ilichanua kati ya tarehe 24 na 28 Septemba, wiki moja nyuma ya mwaka uliopita, kwa sababu ya kule kukatwa. Wa 7 ulichanua tarehe 27 Septemba. Wa 9 tarehe 30. Wa 6 ulianza tarehe 15 Oktoba, na wa 8 tarehe 19, kwa uchache na kwa unyonge. Wa 5, usiofunikwa, ulirudia mchezo wake wa nusu.

Mimea miwili chini ya mapipa si utafiti, na mtu makini ataniambia kwamba pipa huhifadhi pia joto la usiku, na joto linaweza kuharakisha mmea. Namkubalia. Ndiyo maana ushahidi ninaoutegemea zaidi ni mche wa 5. Haukuwa na pipa, haukuwa na joto la ziada, una shina moja na mizizi mimoja, na miaka miwili mfululizo umechanua upande wa giza na kugoma upande wa mwanga.

Tulichobadilisha, na tulichokataa kubadilisha

Njia rahisi ingekuwa kuomba taa iwekewe kinga ya kuzuia mwanga upande wa nyumba. Kinga hizo zipo. Mama alikataa. Mwanawe anafanya kazi ya zamu kwenye ghala, anarudi saa nane usiku, na mama anataka amwone anaposhuka garini. Kati ya asta na kijana wake hakukuwa na mjadala. Na mapipa hayawezi kuwa kazi ya maisha ya mwanamke mwenye miaka zaidi ya 60.

Basi tukahamisha mimea. Aprili 2024, machipukizi yakiwa sentimita 8 hivi, tulichimbua wa 6 hadi wa 9. Wakati huo ndio wa kugawa asta: mizizi imeamka na msimu mzima uko mbele. Tuliigawa tukaipeleka nyuma ya nyumba, pale bomba la maji ya paa linapomwaga. Udongo hapo ni wa unyevu na usiku ni giza, yaani ni mtaro wa Ohio kwa kiwango cha uani. Sijawahi kuona asta ya New England ikishukuru hivyo. Ukungu mweupe haukuonekana tena kule, nafasi kati ya shina na shina ikiwa karibu mita moja.

Mbele, miguuni mwa wa 1 hadi wa 4, kando ya zege linalochemka jua likiwaka, tuliweka asta nyingine, Symphyotrichum oblongifolium. Hii haipandi zaidi ya sentimita 60 au 70, majani yake yana harufu ukiyasugua, na inapenda udongo mkavu usio na mbolea. Ukiibembeleza kwa maji inalala. Inachanua hadi mwisho wa Oktoba na inaficha ile miguu ya korongo. Kwenye ubavu wa kaskazini usio na jua iliingia Symphyotrichum cordifolium, yenye jani la umbo la moyo na maua madogo ya samawati iliyopauka. Ningeweza kuandika kurasa kuhusu asta za kivulini, lakini hiyo haikupata shida yoyote na haina kisa.

Chini ya taa tukapanda Rudbeckia fulgida, lile ua la manjano lenye kitovu cheusi. Yenyewe ni kinyume cha asta: inataka siku ndefu ndipo ichanue. Taa inayomnyima mmoja haimdhuru mwingine. Julai na Agosti pale panawaka.

Wa 5 uliachwa mahali pake. Wajukuu wanauita ua nusu-nusu, na wamekataza kuguswa.

Mabishano makubwa zaidi kati yangu na mama hayakuhusu mwanga. Yalihusu mabua. Nilimwomba asikate mabua makavu Novemba, ayaache hadi machipuko, kwa sababu ndege hula mbegu na nyuki wengine wadogo hutaga ndani ya mabua. Alinitazama kwa huruma. Bukavu, aliniambia, uwanja unafagiliwa kabla jua halijatoka, na mke mwenye majani makavu mlangoni anasemwa hadi sokoni. Tulimaliza hivi: mbele ya nyumba mabua yanakatwa yabaki sentimita 40, sawasawa, kama ua uliopogolewa. Nyuma ya nyumba, ambako hakuna wa kumsema, yanaachwa yote. Nilipata zaidi ya nilivyotarajia.

Kilichombadilisha kidogo ni wadudu wenyewe. Mwisho wa Septemba 2024 tulikaa barazani na chai, tukawatazama wale nyuki wakubwa wenye manyoya wakiparamia asta hadi shina linainama. Nilimweleza kwamba kati ya hao, malkia wapya tu ndio watakaouona mwaka ujao. Wengine wote wanakufa baridi ikija, na malkia anayelala ardhini anahitaji kunenepa kwanza, wakati maua mengi yameshakwisha. Na vipepeo monaki waliopita siku zile, wa rangi ya chungwa na mistari myeusi, walikuwa safarini kwenda milima ya Mexico, maelfu ya kilomita, na asta ni moja ya vituo vyao vya mwisho vya kujaza mafuta. Mama alinyamaza kidogo. Yeye mwenyewe alifika Ohio baada ya kupitia kambi mbili. "Basi waache wakule," akasema, na siku hizo hakukata ua hata moja hadi tarehe 29 ilipofika.

Asubuhi ya siku hiyo alikata mashina saba kutoka wa 2 na wa 3, akayaweka kwenye chupa ya kioo mbele ya picha ya mumewe, kwenye kabati la sebuleni, pembe isiyo na dirisha. Alinipigia simu jioni. Maua yote saba yalikuwa yamejifunga, petali zimejikunja kama yanalala. Ilinibidi nimwambie ukweli ambao nilipaswa kuutaja tangu mwanzo: asta ya New England hujifunga mahali penye mwanga hafifu, ndiyo maana si ua zuri la kuweka ndani ya nyumba.

"Usiku inakataa taa," akasema, "muchana inakataa giza."

Nilimwambia ndivyo. Kesho yake nilipopita, picha ilikuwa imehamishiwa kwenye meza ndogo chini ya dirisha la kusini, chupa iko kando yake, na maua yote saba yamefunguka.